Majina Yaliyolala Maguguni

Upande wa mashariki wa jiji la Richmond, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, pale mitaa ya jiji inapokoma na wilaya ya Henrico inapoanza, ipo ardhi ya ekari 16 iitwayo East End. Kwa miaka mingi mpita njia aliyeitazama ardhi hiyo aliona msitu tu: miti myembamba iliyosongamana, mimea itambaayo iliyopanda hadi vileleni, miiba, na kando ya njia marundo ya matairi chakavu na takataka zilizotupwa usiku na watu wasiopenda kuonekana.

Lakini huo haukuwa msitu. Chini ya majani yale walikuwa wamelala watu wapatao 15,000, kila mmoja na jina lake. Walikuwamo waalimu na matabibu, madobi na wapishi, wachungaji wa makanisa, mafundi seremala, mama wa nyumbani na watoto wachanga. Walikuwamo pia askari waliovaa sare ya Marekani wakavuka bahari kwenda vitani. Wote walikuwa Waamerika Weusi, na wengi wao walizikwa na jamaa zao kwa heshima kamili, katika majeneza yaliyolipiwa senti kwa senti.

Habari ya jinsi watu hao walivyopotea, na jinsi wengine walivyoanza kuwatafuta kwa mikasi, misumeno na mikono mitupu, ni habari inayostahili kusimuliwa.

JIJI LA MTO NA VILIMA

Richmond ni jiji la vilima, nalo limekaa kando ya mto James, mahali ambapo maji hukimbia juu ya majabali kabla ya kutulia na kuelekea baharini. Msafiri anayeteremka kutoka kilima cha bunge la jimbo hadi bonde la Shockoe hupita, pengine bila kujua, juu ya ardhi iliyokuwa soko la watumwa. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, hakuna mji wa Marekani uliolishinda jiji hili kwa biashara hiyo ya ndani, ila New Orleans peke yake. Wanaume, wanawake na watoto walinadiwa hapo kama ng'ombe mnadani, kisha wakapelekwa kwenye mashamba ya pamba ya kusini zaidi. Wengi hawakuonana tena na waliowazaa.

Majimbo ya Kusini yalipoasi serikali ya Marekani ili yaendelee na utumwa, Richmond ndiyo iliyofanywa makao makuu ya waasi. Waasi wakashindwa mwaka 1865 na watumwa wakapata uhuru wao. Hata hivyo ubaguzi haukushindwa siku ile. Zikatungwa sheria za kutenganisha watu kwa rangi zao: shuleni, hospitalini, ndani ya magari ya abiria, na hata makaburini. Mtu mweusi hakuruhusiwa kulala karibu na mtu mweupe hata roho ikiwa imekwisha kumtoka.

Wala huko alikozikwa hakuachwa apumzike. Makaburi ya zamani ya Shockoe Hill, yaliyofunguliwa mwaka 1816 kwa ajili ya watumwa na Weusi huru, yalipokea maiti zaidi ya 22,000. Baadhi ya maiti hizo zilifukuliwa kwa siri ili wanafunzi wa utabibu wajifunzie. Baadaye reli ikapitishwa juu yake, na miaka mingi baadaye barabara kuu ya magari nayo ikapita. Leo mtu anaweza kuendesha gari juu ya makaburi yale bila kuona alama yoyote ya kumwambia apunguze mwendo.

Kwa sababu hiyo Weusi wa Richmond waliamua kununua ardhi yao wenyewe, ardhi ambayo mtu hangeweza kuwanyang'anya. Mwaka 1891 yakafunguliwa makaburi ya Evergreen, na mwaka 1897 chama kingine cha mazishi kikafungua East End, jirani kabisa na Evergreen.

SENTI ZA MAZIKO

Msomaji asidhani kwamba makaburi hayo yalikuwa ya watu waliokata tamaa. Richmond ya wakati ule ilikuwa na umoja mkubwa miongoni mwa Weusi. Kwa kuwa mashirika ya bima ya Wazungu hayakuwajali, waliunda vyama vyao vya kusaidiana. Kila juma mwanachama alitoa senti chache. Akiugua, chama kilimsaidia chakula na dawa. Akifa, chama kilimzika, na wanachama wenzake wakaandamana nyuma ya jeneza kwa nidhamu na sare zao. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa maziko ya heshima.

Aliyefanikiwa zaidi katika kazi hiyo ni Bibi Maggie Walker. Alizaliwa mwaka 1864. Mama yake, aliyekuwa amezaliwa utumwani, alikuwa dobi, na Maggie mdogo alisaidia kubeba nguo kwenda nyumba za wenyewe. Akasoma, akawa mwalimu, kisha mwaka 1899 akashika uongozi wa chama cha kusaidiana kilichoitwa Independent Order of St. Luke, ambacho wakati huo kilikuwa karibu kufa. Mwaka 1903 akafungua benki, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini Marekani kupewa hati ya kuanzisha benki. Senti za madobi na wapishi zikakusanywa, zikageuka mikopo, na mikopo ikageuka nyumba za kuishi. Bibi Walker alifariki Desemba 1934, akazikwa Evergreen.

Hali kadhalika huko Evergreen amelala John Mitchell, aliyezaliwa utumwani mwaka 1863 na kuwa mhariri wa gazeti la Richmond Planet. Huyu aliandika bila woga juu ya watu Weusi waliouawa na makundi ya Wazungu bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1904 alikuwa miongoni mwa walioongoza mgomo wa Weusi dhidi ya magari ya abiria yaliyowabagua. Alipofariki mwaka 1929 alikuwa hana mali tena, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila jiwe.

East End nayo inao mashujaa wake, na mmoja wao hakuwahi kushika silaha yoyote ila chaki. Huyu ni Bibi Rosa Dixon Bowser. Alizaliwa mwaka 1855, katika siku za utumwa, wakati sheria za Virginia zilikataza kuwakusanya Weusi na kuwafundisha kusoma. Baada ya uhuru akasoma, akawa mwalimu katika shule za Richmond, na kwa miongo kadhaa akawafundisha watoto wa watu waliokuwa wamenyimwa herufi. Alisaidia kuanzisha chama cha kwanza cha waalimu Weusi wa Virginia. Mwaka 1925 tawi la maktaba ya jiji lililofunguliwa kwa ajili ya Weusi lilipewa jina lake. Alifariki mwaka 1931.

Si mbali naye yupo Dakta Richard Tancil, tabibu aliyeanzisha benki ya akiba kwa watu wa kipato kidogo. Hao ndio watu ambao vichaka vilikuja kuwafunika.

MSITU ULIVYOINGIA

Mtu akiuliza, "Iweje watu waliojipanga vizuri namna hii wasahauliwe?" jibu la haraka huwa ni kuwalaumu wajukuu. Lakini jibu hilo si la haki, na anayelitoa hajapima mambo sawasawa.

Katika East End hapakuwa na mfuko wa kudumu wa kutunza makaburi. Kila familia ilinunua sehemu yake na kuitunza yenyewe. Siku za sikukuu watu walikuja na majembe, wakapalilia, wakapanda maua, wakala chakula pamoja, wakarudi nyumbani. Utaratibu huo ulitosha kwa muda wote ambao familia zilikaa karibu. Lakini kuanzia vita kuu ya kwanza na kuendelea, Weusi kwa maelfu waliihama Kusini. Walikimbia ubaguzi na mishahara duni, wakaenda Philadelphia, New York na Chicago kutafuta kazi. Mtu aliyebaki Richmond akazeeka. Aliyekuwa akija na jembe kila mwaka akaletwa siku moja ndani ya jeneza. Wenye kumiliki ardhi ya makaburi wakakosa fedha, ardhi ikapita mikononi mwa huyu na yule, mwisho ikawa kama haina mwenyewe.

Mahali pasipo mwenyewe, magugu ndiyo mwenyeji. Kwanza ulikuja mmea utambaao uitwao aivi, ambao Wazungu waliuleta kutoka Ulaya kwa ajili ya urembo wa bustani. Mmea huu hauogopi baridi wala kivuli. Hutambaa juu ya ardhi kama mkeka, hupanda juu ya jiwe, hupenyeza vijizizi vyake katika kila ufa, kisha hupanda mti na kuuelemea mpaka uanguke. Ukaja pia kudzu, wenye asili ya Asia, ambao katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwahimiza wakulima wa Kusini waupande ili uzuie mmomonyoko wa udongo. Uliposhika mizizi haukujali mpaka wa shamba wala wa kaburi. Katikati ya hiyo ikaota aivi ya sumu, ambayo mafuta ya majani yake humwashia mtu ngozi na kuitoa malengelenge kwa majuma kadhaa.

Miti nayo ikaota juu ya makaburi yenyewe. Mizizi ikanyanyua mawe, matawi yaliyoanguka yakayavunja. Wahuni wakaja wakapindua yaliyobaki wima. Na walipoona hapaonekani mlinzi, wenye magari ya mizigo wakaleta takataka zao.

KAZI YA JUMAMOSI

Anayeondoa magugu kwa mikono hana njia isipokuwa kuinama, na ndivyo ilivyokuwa hapa pia. Mwaka 2013 kikundi kidogo cha watu wa kujitolea kilianza kukutana East End siku za Jumamosi. Hawakuwa na mtambo wala bajeti. Walikuja na glavu, reki, misumeno ya mkono na mikasi mikubwa ya kukatia matawi. Walikuwamo Weusi na Weupe, wazee waliostaafu kazi, wanafunzi wa vyuo vikuu vya jiji, vijana wa makanisa, na baadaye watoto na wajukuu wa waliozikwa pale.

Msomaji aliye askari au polisi anajua kazi ya kufyeka kambi. Atadhani kwamba kazi ya East End ni ile ile. Siyo. Mwenye kufyeka uwanja wa gwaride hutazama mbele yake na kukata. Mwenye kufyeka makaburi hutazama chini ya miguu yake kabla ya kupiga hatua, maana hajui ni nani aliye hapo.

Aivi haikuvutwa kwa nguvu kutoka juu ya jiwe, kwani ingeng'oka pamoja na vipande vya jiwe lenyewe na herufi zake. Ilikatwa kwenye shina, ikaachwa ikauke hadi vijizizi vilegee, ndipo ikaondolewa taratibu. Mti mdogo ulioota juu ya kaburi haukung'olewa, kwa sababu mizizi yake ilikuwa imeshuka kule chini walikolala watu. Ulikatwa usawa wa ardhi, basi. Jiwe lililofukiwa lilitafutwa kwa kuchoma udongo polepole kwa ufito mwembamba, na ufito ulipogota watu walipiga magoti na kuchimba kwa mikono. Lilipopatikana lilioshwa kwa maji na brashi laini. Brashi ya waya na dawa kali za kung'arishia zilipigwa marufuku, kwa kuwa hulifanya jiwe ling'ae leo na kulimomonyoa kesho.

Watu hao walijifunza pia kuisoma ardhi. Bonde dogo lenye urefu wa mtu lilimaanisha kaburi lisilo na jiwe, ambalo jeneza lake limeoza na udongo ukatitia. Maua ya bustani yaliyochanua peke yake katikati ya kichaka yalimaanisha kwamba zamani mkono wa mama fulani uliyapanda pale kwa ajili ya mtu wake. Palikuwa na mawe ya marumaru yaliyochongwa na mafundi, na palikuwa na mengine ya saruji yaliyofinyangwa nyumbani, ambayo jina lake liliandikwa kwa kijiti au kwa kidole kabla saruji haijakauka. Katika hayo ya pili herufi zilikuwa zimepinda, nyingine zimegeuzwa, lakini hapana aliyethubutu kuzicheka. Aliyeziandika alikuwa mtoto wa mtu aliyekatazwa kusoma.

Majira ya baridi ndiyo yaliyofaa zaidi kwa kazi hii. Majani hupukutika, nyoka hujificha, kupe hupungua, na jicho huona mbali. Majira ya joto yalipofika, sehemu iliyosafishwa Machi ilikuwa imefunikwa tena kufika Julai, na watu wakaanza upya.

Kila jiwe lililofunuliwa lilipigwa picha, na jina lake likaandikwa. Kisha jioni, nyumbani, watu wale wale walitafuta katika vyeti vya vifo, katika daftari za sensa na katika magazeti ya zamani ili wajue mwenye jina alikuwa nani, alifanya kazi gani, na aliacha watoto wangapi. Kwa njia hii, katika miaka michache tu, mawe zaidi ya 3,000 yalitolewa gizani.

JIWE JEUPE

Miongoni mwa mawe hayo yalikuwamo yale ambayo kila askari wa Marekani huyatambua akiwa mbali. Ni mawe meupe ya marumaru, yaliyosimama wima, ya umbo moja. Juu yake huandikwa jina, cheo, kikosi, na siku ya kufa. Serikali ya Marekani huyatoa bila malipo kwa yeyote aliyelitumikia jeshi kwa heshima.

Katika vita kuu ya kwanza, Weusi zaidi ya 350,000 waliingia katika jeshi la Marekani. Wachache walipewa bunduki na kupelekwa mstari wa mbele. Baadhi yao walipigana chini ya makamanda wa Kifaransa na kurudi na nishani za Ufaransa vifuani. Wengi zaidi waliwekwa katika vikosi vya kazi: kupakua meli, kujenga barabara, kuchimba mahandaki, kubeba shehena usiku na mchana.

Mizinga iliponyamaza, vikosi hivyo vilipewa kazi nzito kuliko zote. Mwaka 1919, wakati wenzao wakipanda meli kurudi nyumbani, askari Weusi waliamriwa kuifukua miili ya Waamerika iliyotapakaa katika viwanja vya vita vya Ufaransa, na kuizika upya kwa mpango katika makaburi ya Meuse-Argonne. Makaburi hayo yapo mpaka leo, yenye safu zaidi ya safu, makaburi zaidi ya 14,000, na majani yake hukatwa kama zulia. Hakuna gugu lililoachwa hapo.

Hebu msomaji atafakari jambo hilo. Mikono ya watu Weusi ndiyo iliyowapanga mashujaa wale katika safu zilizonyooka. Na watu waliorudi Richmond kutoka vita ile ile, siku yao ilipowadia, walipewa jiwe jeupe sawasawa na sheria, kisha jiwe hilo likaachwa limezwe na kichaka. Serikali ilitoa jiwe, lakini haikuifyeka njia ya kulifikia.

DOLA TANO

Katika jiji hilo hilo la Richmond, upande wa magharibi, juu ya majabali yanayotazama mto, yapo makaburi mengine yaitwayo Hollywood. Hayana uhusiano wowote na mji wa sinema. Ni mahali pazuri penye miti mikubwa na njia safi. Wamezikwa humo marais wawili wa Marekani, James Monroe na John Tyler, na pia Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa waasi. Aidha wamezikwa humo askari wa waasi wapatao 18,000, na juu yao limesimamishwa piramidi la mawe, refu kama nyumba ya ghorofa nane, lililokamilika mwaka 1869.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 jimbo la Virginia lilikuwa likitenga fedha za umma kwa ajili ya kutunza makaburi ya askari wa waasi. Kiwango kilifikia dola 5 kwa kila kaburi kwa mwaka. Dola 5 si fedha nyingi. Lakini ukizizidisha kwa maelfu ya makaburi, na kwa miaka mingi, utapata majani yaliyokatwa, mawe yaliyonyooshwa, na kizazi baada ya kizazi cha watoto walioletwa kuambiwa, "Hawa ni watu wakubwa." Na fedha hizo zilitoka katika kodi ya watu wote, pamoja na kodi ya madobi na waalimu wa East End.

Basi hapo ndipo ilipo siri ya msitu ule. Waliopigana dhidi ya serikali ili utumwa uendelee walitengewa fungu. Waliozaliwa utumwani, na watoto wao waliopigana kwa ajili ya serikali, hawakutengewa kitu. Magugu hayachagui rangi ya maiti. Wanaochagua ni wanadamu wanapogawa fedha.

Watu wa kujitolea waliyaona haya kwa macho yao, wakayasema hadharani, na waandishi wakayaandika. Mwaka 2017 bunge la Virginia likapitisha sheria ya kuyapa makaburi ya Weusi, kwa kuanzia East End na Evergreen, kiwango kile kile cha dola 5 kwa kaburi. Yalihesabiwa makaburi 6,975, na fungu likawa dola 34,875 kwa mwaka. Kwa ardhi iliyotelekezwa miaka mingi namna ile, hizo ni fedha za kuanzia tu. Lakini lilikuwa jambo kubwa kwamba hesabu iliandikwa katika kitabu cha serikali, na Bibi Bowser na wenzake wakawa wamo.

Mambo hayakunyooka mara moja. Shirika moja lilinunua Evergreen mwaka 2017 na East End mwaka 2019. Pakatokea kutoelewana kati ya shirika hilo na baadhi ya waliokuwa wakifyeka tangu mwanzo, juu ya nani aamue namna ya kuitunza ardhi na nani asikilizwe kwanza. Mwaka 2022 shirika likavunjika, na kwa muda makaburi yakawa tena kama mtoto asiye na mlezi, hata ilipofika mwaka 2024 utawala wa jiji la Richmond ukayachukua. Katika muda huo huo, Septemba 2021, sanamu kubwa ya jemadari wa waasi, Robert Lee, iliyokuwa imesimama katika jiji hilo tangu mwaka 1890, iliteremshwa kwa winchi mbele ya umati wa watu. Sanamu iliondoka kwa siku moja. Aivi ya East End haiondoki kwa siku moja.

MAGUGU HAYANA LIKIZO

Kuna jambo ambalo watu wa East End waliliona mara nyingi. Mzee, pengine bibi anayetembelea mkongojo, aliletwa na wajukuu wake. Alikumbuka kwamba utotoni alikuja hapo kumzika mtu wake, karibu na mti fulani, lakini mti hauonekani tena. Watu waliacha reki zao wakamsaidia kutafuta. Siku nyingine hawakufanikiwa, naye akarudi nyumbani kama alivyokuja. Siku nyingine, baada ya kukata na kufagia, herufi za kwanza zilitokea, kisha jina zima, na yule bibi akalisoma kwa sauti. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo mahali pale.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Weusi wa Richmond hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa mara ya kwanza sokoni, mara ya pili kwa reli na barabara, na mara ya tatu kwa kunyimwa fungu. Ndiyo maana kufyeka East End hakukuwa usafi wa mazingira peke yake. Kulikuwa kurudisha kitu kwa wenyewe.

Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zimehama mara nyingi kwa amri ya kazi, kutoka kambi hadi kambi, na zimeacha wapenzi wao katika ardhi za mbali. Hizo hazihitaji kufafanuliwa jinsi kaburi linavyopotea. Hupotea bila ubaya wa mtu: mwaka wa kwanza kwa kukosa nauli, mwaka wa pili kwa shughuli, na mwaka wa tatu kwa kuwa aliyeijua njia amefariki. Watoto wakionyeshwa njia mapema, na jina likiandikwa mahali pa kudumu, magugu yatakuwa na kazi ngumu zaidi.

Kule East End hakuna aliyedai kwamba kazi imekwisha. Mchana wa Jumamosi ulipofika watu walikusanya matawi, wakahesabu majina waliyoyapata, matatu au manne, wakafungasha misumeno yao. Nyuma yao, mwisho wa sehemu iliyosafishwa, ukuta wa majani ulisimama pale pale, na ndani yake ncha ya jiwe jingine ilikuwa imeanza kuonekana.